Besi ya Kaspari Mkude

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe la kuazima, nikachomeka kalamu mbili mfukoni, nikashuka kutoka Mgeta juu ya lori la kabichi kwenda Morogoro mjini kuwa msaidizi wa stoo. Nataka hilo lieleweke tangu mwanzo. Kazi niliyoomba ilikuwa ya stoo. Nilikuwa nimetunza stoo ya misheni miaka mitatu, majembe, mbegu na mafuta ya taa, na Padri alikuwa ameniandikia barua nzuri ya kunisifu. Habari za magitaa nilikuwa sizijui, wala sikuwa na hamu ya kuzijua.

Barua ya kuitwa kazini ilisema wazi: "Kaspari Mkude, Msaidizi wa Stoo, Daraja la Tatu." Afisa Utumishi wa kiwanda, bwana mnene aliyekuwa na tabia ya kupandisha miwani kwenye paji la uso, aliisoma barua ile kisha akanitazama kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Wewe ndiye Kaspari Mkude?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Tumekungoja sana, bwana! Nenda jengo la nyuma, Kiongozi yuko huko."

Nilitoka pale nikijiuliza ni kiwanda gani hiki kinachomngoja sana msaidizi wa stoo. Katika jengo la nyuma nilikuta ngoma, tarumbeta mbili na spika ndefu kuliko mimi. Nikadhani ndiyo stoo yenyewe. Kiongozi alikuwa mzee mwembamba wa mjini, mwenye baraghashia safi na vidole virefu. Aliitikia salamu yangu, akafungua sanduku, akanikabidhi gitaa la rangi ya asali lenye umbo la fidla. Nikachomoa kalamu, nikaligeuza huku na huku.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Namba, mzee. Ili niliandike kwenye daftari."

Alicheka mpaka akakaa kwenye spika. "Wewe una vituko," akasema. "Haya, kaa ulipige."

Nikakaa. Nikalipakata kama nilivyoona watu wakipakata magitaa kwenye picha, shingo kushoto, mkono wa kulia kwenye nyuzi. Kiongozi akaacha kucheka. Alinitazama mikono, akaitazama muda mrefu, kisha akatazama mlangoni kama mtu anayengoja mgeni mwingine.

"Umekuja peke yako?"

"Nimekuja na lori la kabichi, mzee."

"Hujafuatana na mwenzako?"

"Hapana."

Akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Ndivyo nilivyoanza kazi ya muziki, kwa kunyamaza pale ambapo mtu mwenye akili timamu angeuliza swali.

Mtaniuliza kwa nini sikusema kuwa mimi si mpigaji. Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimeagwa kijijini kwa kuku wawili. Nilidhani labda ni mtihani, labda wafanyakazi wote wa mjini hupimwa hivyo. Siku ya tatu ndipo mpiga tumba, ambaye alikuwa mcheshi na mpenda kuelezea watu mambo, aliponifafanulia kuwa kiwanda kilikuwa na bendi yake ya dansi, lakini hakikuwa na nafasi ya mwanamuziki kwenye orodha yake ya vyeo. Kwa hiyo wapigaji wote waliajiriwa kwa majina ya kazi nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa fundi bomba. Mpiga solo alikuwa dereva na hakuwa na leseni. Mimi nilikuwa msaidizi wa stoo, na kwa kuwa kweli nilikuwa msaidizi wa stoo, nilizidi kuchanganyikiwa.

Kilichoniokoa ni kwaya. Kanisani Mgeta nilikuwa nimeimba sauti ya nne, ile nzito ya chini inayobeba nyingine zote, na masikio yangu yalijua mahali sauti hiyo inapokaa. Kiongozi alikuwa akiniimbia mstari, mimi nautafuta kwenye nyuzi mpaka niupate. Dansi la kwanza lilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile. Nilipiga noti mbili tu mchana kutwa, na watu wakacheza.

Sasa nilieleze gitaa lenyewe, maana vijana wa leo mnaopiga besi kwa kompyuta huenda hamjawahi kuliona la namna hii. Besi ya kawaida ina shingo ndefu na mwili wa mbao nzito isiyo na uwazi. Hili langu shingo yake ni fupi, kama inchi thelathini kutoka kidaraja cha juu hadi cha chini, na ndani ni tupu kama mzinga wa nyuki. Kwa sababu ya ufupi, nyuzi zinakaa laini na vidole havichoki. Kwa sababu ya utupu, sauti yake ni ya duara, inatoka polepole, inakaa chini ya wimbo bila kusukumana na mtu. Ila ukisimama karibu na spika linaanza kunguruma lenyewe. Kwa ajili hiyo Kiongozi alikuwa amelishindilia vipande vya sponji ya godoro tumboni.

Nyuzi zake zilikuwa taabu. Za saizi yake hazikupatikana, tukapata ndefu za besi za kawaida, na uzi wa besi umesukwa kwa waya mwembamba juu ya waya mnene. Ukiukata ovyo, ule msuko wa juu unafumuka na uzi unakuwa bubu. Lazima kwanza uukunje kwa koleo mpaka uweke kona kali, ndipo ukate mbele ya ile kona. Kabla ya kuambiwa siri hiyo niliharibu nyuzi tatu, na Kiongozi hakunisemesha siku mbili.

Jambo la ajabu zaidi lilikuwa mpangilio. Kwenye gitaa la mtu yeyote, uzi mnene hukaa juu, upande wa kidevu, na mwembamba chini, upande wa magoti. Langu lilikuwa kinyume. Uzi mnene ulikuwa chini. Mimi sikujua, nikajifunza hivyo hivyo, vidole vyangu vikazoea kupanda pale ambapo vya wenzangu vinashuka. Mwaka wa pili alikuja mgeni kutoka bendi moja ya Dar es Salaam, akaliomba apige wimbo mmoja. Alipiga kidogo, akasimama, akalitazama, akapiga tena, jasho likamtoka mbele ya ukumbi mzima.

"Hili gitaa lina wazimu," akasema akinirudishia. "Na wewe unayelipiga sijui tukuiteje."

Siku iliyofuata nikamwendea Kiongozi. Nikamwomba ruhusa nizigeuze nyuzi zikae kama za watu.

"Ukizigeuza nyuzi, nami nitakugeuza wewe," akasema. Kisha akashusha sauti. "Lilifungwa hivyo kwa ajili ya mtu."

"Mtu gani, mzee?"

"Unalipiga, hulipigi?"

"Nalipiga."

"Basi."

Nilipolichunguza vizuri niliona kuwa hata kidaraja cha juu, kile kipande cha mfupa chenye mifereji ya kushikilia nyuzi, kilikuwa kimechongwa upya kwa tupa, mfereji mpana upande usio wake. Mtu alikuwa ameifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa. Nikajua hapa kuna neno, lakini neno gani?

Tulipiga miaka mingi. Kilosa, Turiani, Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, Mgeta kwetu ambako mama yangu alikaa mstari wa mbele na kuuliza jirani zake kama hii ndiyo kazi ya stoo. Mara mbili katika miaka hiyo nilipata barua ya likizo iliyoandikwa "Kaspari Mkude, Ghala la Dakawa." Nikaona ni makosa ya mpiga taipu, nikaenda likizo.

Kiwanda kilipofungwa, Meneja Mkuu alituita uwanjani, akasoma karatasi, akaingia kwenye gari. Vyombo vilikuwa mali ya kiwanda isipokuwa besi ile, ambayo Kiongozi alikuwa amekuja nayo mwenyewe. Alinipa mbele ya bendi yote. Nilidhani atatoa hotuba. Alisema hivi tu:

"Chukua. Ukikutana na mwenyewe, mpe."

"Mwenyewe nani?"

Mpiga solo alimwita pale pale, yakaingia mambo mengine, nikasema nitamwuliza kesho. Nilipopata nafasi ya kwenda kwake Kilakala alikuwa hasemi tena, mdomo umepinda upande. Alinishika vidole vya mkono wa kushoto, akavibonyeza kimoja kimoja. Masika ile ile tukamzika. Nilisimama makaburini nikiwa na hasira naye, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Kwa hiyo nikabaki na gitaa la mtu nisiyemjua. Nilipiga nalo kwenye hoteli moja ya mjini, ambako Meneja wa hoteli alitaka tupige polepole ili wageni wale, halafu akalalamika kuwa wageni wanasinzia. Uzee uliponikaribia nikarudi Mgeta, nikawapigia kwaya. Mwalimu wa kwaya aliniletea vijana wazuri nifundishe, mabinti wawili na mvulana mmoja. Wote walishindwa na nyuzi zile. "Babu, si uzigeuze tu?" wakaniambia. Sikuzigeuza. Kila mtu aliyelishika nilimtazama mikono, nikijiuliza kama ndiye, na kila aliposhindwa nilifurahi kimoyomoyo. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Sikutaka mwenyewe apatikane.

Mwaka jana tuliitwa mjini, sisi wote tuliokuwa wafanyakazi wa kiwanda kile, kuhakikiwa majina kwa ajili ya mafao. Wazee wengi, fimbo nyingi. Karani alikuwa msichana mpole mwenye sauti ndogo.

"Kaspari Mkude!"

Nikasimama. Upande wa pili wa ukumbi akasimama mzee mwingine.

"Nimeita Kaspari Mkude," akasema karani.

"Ndiye mimi," tukajibu wote wawili.

Ukumbi ulicheka. Kwa mtu wa kwetu si ajabu kubwa. Jina la Mkude tunapokezana kutoka kwa wajomba, mtu akifa mpwa wake anapewa, kwa hiyo akina Mkude hawakosekani milimani. Na Kaspari tulipewa na mapadri waliobatiza kwa kalenda, wakati wa sikukuu ya Mamajusi. Huenda tulikuwa watano. Karani akatazama daftari lake, miwani ikamteleza.

"Wote Wasaidizi wa Stoo, Daraja la Tatu? Na tarehe ya barua ni moja?"

"Mmoja akae kwanza," akasema mtu nyuma yetu. Hakuna aliyekaa. Karani akamwita mwenzangu atangulie kutia sahihi kwa kuwa alikuwa karibu. Akaichukua kalamu, na mimi nikaiona ile kalamu iko mkono gani. Ulikuwa wa kushoto.

Mtu wa mashoto akipakata gitaa huligeuza, shingo inakwenda kulia, na nyuzi zilizokuwa chini zinakuja juu. Miaka yote ile, na jibu lilikuwa rahisi hivyo. Nilipojipenyeza kati ya fimbo za wazee nikatoka nje, alikuwa ameshaondoka. Karani aliniambia tu kuwa yule ni wa ghala la Dakawa, na akanitaka nitie sahihi pale, si pale.

Nilirudi Mgeta, nikalifungia gitaa kabatini wiki tatu. Nilijiambia kuwa watu wa mashoto ni wengi. Nilijiambia kuwa mtu aliyekaa ghalani miaka yote hawezi kuwa mpigaji. Mke wangu, Mama Agnesi, alinivumilia kadiri alivyoweza.

"Kaspari," akasema asubuhi moja akimenya viazi, "ama mpelekee mwenzio, ama ulichome tujue moja. Unazunguka humu ndani mpaka kuku wamekuogopa."

Nikalivika gunia safi, nikaenda Dakawa.

Nilimkuta nje ya nyumba yake karibu na mfereji, anageuza mpunga juu ya turubai kwa miguu mitupu.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Karibu, wajina," akajibu bila kushangaa. "Nilijua utakuja. Ila umechelewa kidogo."

Tulikaa kwenye benchi. Nikatoa gitaa kwenye gunia, nikampa bila maelezo. Alijifuta mikono kwenye suruali, akalipokea, na likageuka lenyewe mikononi mwake, shingo kulia. Uzi mnene ukaja juu mahali pake. Kwa mara ya kwanza tangu nilijue, gitaa lile lilionekana halina kasoro yoyote. Alipiga noti nne. Vidole vilikuwa vigumu, lakini hakuvitafutia njia.

"Kwa hiyo ni lako," nikasema.

"Sijawahi kuligusa," akasema. "Ilikuwa hivi. Mnunuzi mmoja wa mpunga alinisikia nikipiga hapa Dakawa, akaenda kumwambia Kiongozi kuna kijana wa mashoto. Nikaletewa barua, Msaidizi wa Stoo. Nikaelezwa, usishtuke, wapigaji wote huandikwa hivyo. Mto ukafurika, njia ikakatika, nikafika wiki moja baadaye. Afisa Utumishi akaniambia Kaspari Mkude wa bendi ameshafika, wewe utakuwa yule wa stoo. Nenda ghala la Dakawa."

"Ukakubali?"

"Nikadhani ndio utaratibu. Wapigaji si wanaandikwa stoo? Nikasema nitakaa stoo mpaka niitwe." Alipangusa vumbi kwenye mwili wa gitaa kwa kiganja. "Nimehesabu magunia, wajina. Kila gari likisimama natoka nje kuangalia kama wamekuja kuniita. Mwaka mzima. Na wa pili."

Nilimwuliza kama Kiongozi alijua.

"Alikuja mara moja. Nilikuwa nimepata mtoto, nimekasirika na dunia. Akaniuliza, 'Bado unapiga?' Nikamjibu, 'Mzee, mimi niko kazini.' Akasimama pale mlangoni, akaniangalia mikono, akaondoka. Sijui alitaka nini. Wewe unajua?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sijui. Nimelifikiria jambo hilo kutoka kila upande. Alijua siku ile ya kwanza nilipolishika kwa mkono usio wake? Alininyamazia kwa huruma, au kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu? Kwa nini hakunifukuza, na kwa nini hakuzigeuza nyuzi? Kila nikipata jibu linavunja lile la jana.

"Nitakwambia kitu kimoja," akasema wajina. "Mlikuja kupiga bugi hapa, lile dansi la Jumapili mchana. Nikaenda. Nikakaa nyuma. Mtangazaji akawataja wapigaji mmoja mmoja, mwisho akasema, 'Kwenye besi, Kaspari Mkude!' Nikasimama."

"Ukasimama?"

"Si niliitwa? Miguu ilisimama yenyewe. Watu wa nyuma wakanivuta shati, kaa bwana, unatuziba. Nikakaa. Halafu nikakuona wewe. Unalipiga kinyume na linaitika. Nikasema moyoni, huyu naye si mwizi. Mwizi asingejisumbua hivyo."

Nililia, mzee mzima, mbele ya mpunga wa watu. Yeye akaendelea kutafuta noti zake. Nilipoondoka sikulichukua gunia.

Ninyi vijana mnanitaka niwaachie neno la kustaafu, na wastaafu wengine wanayo mengi. Mimi nilitumikia kazi isiyo yangu kwa jina ambalo ni langu, na nilijitahidi. Watu walicheza. Je, wangecheza zaidi kwa yule mwingine? Yeye anasema hapana, Mama Agnesi anasema niache upuuzi, na mimi sijui. Nikipata usingizi wa mchana vidole vyangu bado vinapanda pale vinapotakiwa kushuka.

Mwezi wa nane parokia yetu ilikuwa na sherehe ya mtakatifu somo wake, na niliomba wajina aalikwe. Alikuwa amejifua miezi kadhaa. Alifika kwa gari la mboga lililokuwa likirudi tupu, sanduku jipya mgongoni, amevaa shati jeupe. Baada ya misa tulikaa uwanjani, mimi kwenye viti vya wazee, mstari wa pili. Kwaya ikaanza taratibu, na ile sauti ya duara ikaingia chini yake, imenyooka, haisukumani na mtu. Nilifumba macho. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Sikuona uchungu niliotegemea, nikashangaa.

Wimbo ulipokwisha Mwalimu wa kwaya alichukua kipaza sauti, akawataja waimbaji na wapigaji mmoja mmoja, watu wakipiga makofi.

"Na kwenye besi," akasema, "Kaspari Mkude!"

Nikasimama. Sikukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Nikabaki wima katikati ya uwanja mzima, mikono imening'inia, mpaka mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanivuta koti taratibu.

"Kaa, babu," akasema. "Hatumwoni mpigaji."

Nikakaa.